Mdhamini wa Milimani

Wanafunzi wa sheria huanza somo la dhamana kwa kifungu cha 78 cha Sheria ya Mikataba: yupo mdai, yupo mdaiwa, na yupo mdhamini anayeahidi kulipa mdaiwa akishindwa. Mimi hupenda waanze Vugha, makao ya kale ya watawala wa Kilindi katika milima ya Usambara.

Enzi za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, deni halikuwa la mtu mmoja. Aliyetozwa faini barazani alibebwa na ukoo, na mifugo ya baba ilikuwa akiba ya siku kama hizo. Ukoo uliokosa mbuzi na ng'ombe ulimtoa mtu rehani. Biashara ya watumwa ilipopamba moto katika bonde la Pangani, na Semboja wa Mazinde akawa anajikusanyia bunduki, aliyewekwa rehani aliweza asionekane tena. Nalisema hili kwa kuwa wapo wanaousifu udhamini wa ukoo kana kwamba ulikuwa huruma tupu. Hata hivyo, mdhamini yule aliketi barazani, akalisikia shauri, akabisha.

Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1895, waliitangaza ardhi kuwa mali ya taji. Waingereza wakaleta Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, yenye sura nzima juu ya wadhamini. Lakini sheria ya mwaka 1931 ya kuwabana Waafrika katika mikopo ikaifunga sura hiyo kwa wengi: deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika halikudaika mahakamani pasipo mkataba wa maandishi ulioidhinishwa na ofisa wa utawala. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya wenye maduka. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana deni la duka lilikuwa na makucha. Lakini Mshambaa aliyetaka mbegu au bidhaa kwa mkopo alijikuta ahadi yake haina uzito mbele ya hakimu, na kisichodaika hakikopeshwi. Serikali hiyohiyo, katika mpango wa Mlalo ulioanza mwaka 1946, haikusita kumwamuru mtu huyo alime matuta. Mikono yake iliaminika. Saini yake haikuaminika.

Sheria yetu wenyewe ya Mikataba ilikuja mwaka 1961. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaleta hati za hakimiliki za kimila, ambazo benki bado huzipokea kwa kusitasita.

Dhamana ya benki ni jambo jingine kabisa. Katika shauri la Edward Owen dhidi ya Barclays, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1977, muuzaji wa vitalu nyumba kwa Libya alilalamika kuwa mnunuzi ndiye aliyevunja mkataba. Mahakama ilikataa kuizuia benki: ikidaiwa hulipa, isipokuwa pawepo udanganyifu ulio wazi. Biashara ya mbali haiendi bila kanuni hiyo, nami naikubali. Ila mkandarasi mdogo wa Lushoto, kabla ya kuipata karatasi hiyo, huombwa na benki rehani asiyokuwa nayo. Na siku ya mgogoro hakuna baraza la kumsikiliza kwanza.

Kanuni za ununuzi wa umma za mwaka 2013 ziliruhusu, kwa zabuni, tamko lililotiwa saini badala ya dhamana ya benki. Mzabuni huandika kwamba atatimiza, na asipotimiza hufungiwa. Hii ni ahadi ya mtu mwenyewe, bila mifugo na bila hati ya ardhi, ile ambayo mwaka 1931 haikutosha.