Khabari Zetu kwa Mkono Wetu: Historia ya Barua za Wanawake wa Visiwani



Hapa Unguja na Pemba ni taabu kuipata nyumba isiyokuwa na mtu wake mbali. Dada ameolewa Maskati, mtoto wa mama mdogo yuko Dubai, shangazi ana miaka mingi Uingereza na wajukuu zake hawajawahi kumenya shokishoki. Siku hizi tunapelekeana khabari mara kumi kwa siku: maji yamekatika, mtoto ameota jino, biskuti za Sikukuu zimeungua. Tumezoea mpaka hatuoni ajabu.

Ajabu ipo. Mwanamke wa kisiwani kupeleka khabari zake kwa mkono wake, kwa maneno yake, bila ya kupita kwa mtu, ni jambo la juzi tu. Bibi zetu walizipeleka khabari zao kwa mikono ya kuazima. Tumeona tuiandike historia hii, na tunawakusudia zaidi biharusi ambao baada ya ndoa watafunga safari kwenda kwa waume zao nchi za mbali. Wao ndio watakaoijua thamani yake mapema.

Barua na mwanamke katika dini yetu

Tuanzie kwenye Kitabu. Katika Suratun Naml, aya ya 29 mpaka 31, kuna barua, na aliyeipokea ni mwanamke. Nabii Sulaiman, alayhis salaam, alimuandikia Malkia wa Sabaa, na malkia akawaambia wakubwa wake kuwa amefikiwa na barua tukufu, imetoka kwa Sulaiman, na imeanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wazee wetu waliokuwa hawaanzi barua bila ya Bismillah walikuwa na asili ya kuishika.

Tena kuna hadithi katika Sunan Abu Daud inayomtaja Shifaa binti Abdillah, mwanamke aliyejua kuandika wakati ambao wengi Makka na Madina hawakujua, wanaume kwa wanawake. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na Mtume aliijua kazi yake hiyo na hakuikataza. Tunaomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu huko mbele tutaona mila ikisema mengine.

Hapa pwani nako barua ni za zamani. Katika hifadhi za kale za Goa, India, zimewekwa barua kutoka Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ndani yake anatajwa Mfalme Fatima, mwanamke aliyetawala Kilwa. Kwa hiyo barua haikuwa ngeni kwa wanawake wa mwambao, ila ilikuwa ya mabibi wakubwa. Mwanamke wa kawaida alikuwa na ulimi wake tu, na ulimi haufiki Maskati.

Mkono wa kuazima

Aliyetueleza vizuri hali hiyo ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Tunajua kwamba baadaye aliondoka, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Katika hilo hatumfuati. Lakini kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 1886, ni katika vichache vinavyotuonesha maisha ya ndani ya wanawake wa zama zile, yakielezwa na aliyeyaishi.

Anasimulia kwamba watoto wa kike walifundishwa kusoma Qur-ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu kwa mwanamke ilionekana mlango wa fitina. Yeye alijifunza kwa siri: alikuwa akiweka msahafu mbele yake na kuziiga herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ndio ubao wa wanafunzi wakati huo. Watu walipojua, ndugu zake wakaanza kuihitaji kalamu yake. Mwaka 1859, ana umri wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua zao wale waliomuunga mkono Sayyid Barghash dhidi ya kaka yao Sayyid Majid. Msichana aliyekatazwa kuandika akawa ndiye katibu wa mambo ya ufalme.

Na asiyejua kuandika alifanya nini? Alimwita mtumishi, akamwambia anayotaka yafike. Mtumishi akaenda kwa mwenye kujua kuandika, akamhadithia alichokumbuka. Mwandishi akaandika alichofahamu. Neno limeshapita vinywa viwili kabla halijagusa wino, na likifika huko lasomwa na mtu mwingine tena, kwa sauti, mbele ya wenye kusikiliza. Bibi wa watu atasema nini katika barua ya namna hiyo? Atasema kuwa yuko Msikitini Kisiwandui kwa dua? Atasema kuwa mumewe amebadilika? Atasalimia, ataomba dua, atanyamaza. Ukizisoma barua za kale ukaona ni salamu tupu, usidhani walioandikiwa hawakuwa na la kusema. Walikuwa na watu wengi mno katikati.

Pepo, meli na waya

Juu ya hayo kulikuwa na bahari. Majahazi yalikwenda kwa pepo. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, iliyaleta kutoka Arabuni na India, na kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Barua ya Maskati ilipewa nahodha au abiria muaminifu, na juu yake ikaandikwa kuwa inakwenda kwa mkono wa fulani. Jawabu ilibidi ingoje kaskazi inayofuata. Mwanamke aliyepeleka khabari ya mimba aliipata hongera yake mtoto ameshazaliwa. Aliyeuliza hali ya mama mgonjwa aliishi miezi na swali lake, naye hajui aombe shifaa au aombe maghufira.

Mwisho wa mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kati ya Aden na Zanzibar kila mwezi, na kungoja pepo kukapungua. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja. Mwaka 1895 barua zetu zikaanza kubandikwa stempu za India zilizogongwa jina la Zanzibar. Lakini telegramu ililipiwa kwa neno, na watu hawalipii neno kwa khabari ya jino la mtoto. Ikawa kazi yake ni maiti na safari, na nyumba nyingi zililia kabla bahasha haijafunguliwa. Khabari ndogondogo, ambazo ndizo maisha yenyewe, ziliendelea kungoja barua.

Barua ambazo hazikutumwa

Salme mwenyewe aliondoka Unguja mwaka 1866 na akaishia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akabaki mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya watu. Katika karatasi zake zilikutwa barua nyingine, alizoziandika kana kwamba anamwandikia shoga yake aliye Unguja. Anamueleza baridi, nyumba zilizofungwa, lugha asiyoielewa, chakula, msiba, na upweke wa mtu asiyekuwa na wa kumwambia. Barua hizo hazikutumwa. Zilichapishwa yeye ameshakufa. Alifariki Jena mwaka 1924.

Hapa ndipo tunapotaka biharusi wetu wasimame kidogo. Huyu ni mwanamke aliyepigania kalamu tangu utotoni, na kalamu alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kumpelekea. Kuijua herufi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuwa na mtu upande wa pili ambaye ukimwambia ukweli ataupokea na atausitiri.

Mimi ni mzima

Mwaka 1927 serikali ilifungua skuli ya wasichana mjini Unguja. Wazee wengine waliiogopa kwa hofu ileile ya zamani, kwamba mtoto wa kike akijua kuandika ataandikia wanaume. Wengine waliwapeleka binti zao. Kidogokidogo nyumbani akapatikana msichana mmoja wa kuwaandikia mama na bibi, na bibi akawa anasemea sikioni mwa mjukuu wake badala ya kwenda kwa mwandishi.

Sote tunaijua barua ya wakati ule. Salamu, kisha ama baada ya salamu, kisha mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Kisha msururu wa majina: nisalimie fulani, nisalimie fulani. Yale maneno ya uzima yaliandikwa hata na mwenye homa, kama tunavyojibu sijambo hata tukiwa kitandani. Ilikuwa adabu: usimtie mwenzio khofu kabla hujamuamkia.

Lakini mama mwenye akili aliisoma barua mara mbili. Mara ya kwanza alisoma yaliyoandikwa, mara ya pili yasiyoandikwa. Jina la mkwe limekosekana katika salamu? Mwandiko umebadilika? Karatasi ilikuwa ikijaa mpaka pembeni, mbona sasa ni nusu? Baada ya mapinduzi ya 1964, familia nyingi zilipotawanyika Bara, Kenya, Ghuba na Uingereza, usomaji huo ulizidi kuhitajika, kwa sababu wengi waliandika kwa hadhari wasijue barua itafunguliwa na nani. Na baada ya 1970, Oman ilipoanza kuwapokea tena kwa wingi watu wa asili yake, bahasha za buluu za ndege zikawa ndio uzi ulioshona Unguja na Maskati. Hata hizo zilifika kwenye sanduku la posta la baba au la kazini kwa mume. Bado kulikuwa na mkono katikati.

Kaseti ndiyo iliyomfungulia asiyejua kusoma. Bibi akakaa mkekani na redio-kaseti mbele yake, akazungumza. Haikuhitaji mwandishi wala msomaji. Nyuma ya sauti yake ukasikika mlango, jogoo, adhana ya Alasiri, na aliyeko ugenini akairudisha nyuma asikilize tena ile adhana. Kisha ikaja mikanda ya video ya harusi, dada aliyekosa safari akaiona siku ya mdogo wake. Na kwa mara ya kwanza tukapata tatizo jipya: mkanda uliorekodiwa ukumbini kwa wanawake, wamejipamba na vichwa wazi, unaazimwa nyumba kwa nyumba na huwezi kujua unakomea sebuleni kwa nani.

Tuliyo nayo leo

Leo mkono wa katikati umeondoka. Simu iko mkobani mwetu, sauti yetu inafika Toronto kabla chai haijapoa. Kile alichokitafuta Salme kwenye mfupa wa ngamia tumekipata sote. Basi tuangalie tusije tukakipoteza kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuendelea kusema mimi ni mzima wakati si wazima. Biharusi anapelekwa nchi ya baridi, anatuma picha ya chakula na maua, na nyumbani wanafurahi. Hakuna tena karatasi ya kuonesha mwandiko umetetemeka, na picha nzuri inaficha kuliko barua ilivyoficha. Tunashauri kabla ya safari uchague mtu mmoja: mama, dada, au somo yako aliyekufunda. Muahidiane kwamba yeye utamwambia ukweli, na yeye hatautembeza. Na yazungumzwe mapema na mume, kwa wema, kwamba kuunga jamaa zako ni katika haki ya dini na si upelelezi wa nyumba yake. Mume mwema hatakuwa mwandishi wala msomaji wa barua zako.

Ya pili ni kusahau kwamba khabari ni amana. Bibi zetu walichagua nahodha muaminifu kwa karatasi moja. Sisi tunaipeleka picha ya shoga yetu ndani ya kundi la watu mia kwa kidole kimoja. Ya ndani yabaki ndani. Picha za ukumbini zisitoke bila ya idhini ya waliomo. Ukiambiwa siri na aliye mbali, umepewa mzigo wake akushikie tu.

Na tusiwaache waliotuamkia. Suratun Nisaa, aya ya 86, inatuamrisha tukiamkiwa tujibu kwa wema zaidi, au angalau mfano wake. Zamani jawabu lilichelewa kwa sababu ya kusi na kaskazi. Leo hatuna pepo wa kumsingizia. Yupo ndugu yetu ugenini aliyetuma salamu tangu Ijumaa, na tumeiona. Tumjibu leo, tumuulize hali yake, na akisema mzima tumuulize tena.

Mwenyezi Mungu awahifadhi walio mbali nasi, awajaalie biharusi wetu nyumba za utulivu na mapenzi, na atukutanishe kwa kheri. Amin.