Panga za Jamaa ya Tokugawa

Katika muji wa Nagoya, inchi ya Ujapani, iko nyumba ya makumbusho yenye kutunza panga, mavazi ya vita na vyombo vya jamaa ya Tokugawa wa Owari. Vitu vyake vyapita 10,000. Jamaa nyingi za samurai zilipoteza hazina ya namna ile. Tuulize basi: hii ilibaki kwa sababu gani?

Tokugawa Ieyasu alipata cheo cha shoguni mwaka wa 1603, maana yake jemadari mukuu, mwenye kutawala inchi kwa jina la mufalme. Alipokufa mwaka wa 1616, vitu vyake vingi viligawanyiwa wana wake watatu, mabwana wa Owari, Kii na Mito. Yoshinao, mutoto wake wa kiume wa tisa, ndiye bwana wa Owari. Hapo ndipo hazina ilipoanza.

Samurai alivaa panga mbili kiunoni, moja ndefu na moja fupi. Wafua chuma waliyeyusha muchanga wa chuma kwa makaa ya miti, wakakikunja na kukiponda chuma mara nyingi. Kisha walipaka upanga udongo, mwingi mgongoni, kidogo penye makali, wakautia motoni na kuuzamisha majini. Makali yakawa magumu sana, lakini mgongo ukabaki laini, upanga usivunjike. Panga bora zilipewa majina kama watu, na watawala walizipeana zawadi.

Hazina haikuwa silaha tu. Viko pia vyombo vya arusi vya Chiyohime, binti wa shoguni Iemitsu, vilivyopambwa kwa unga wa zahabu. Aliozwa kwa mwana wa Yoshinao mwaka wa 1639, hajatimiza miaka mitatu. Arusi ile ilikuwa mapatano ya watawala.

Mwaka wa 1868 utawala mupya ulisimama. Mwaka wa 1871 milki za mabwana zilifutwa; mwaka wa 1876 samurai walikatazwa kuvaa panga, nao wakapoteza posho yao. Wengi waliuza urithi wa wazee wao wapate kula, na panga nyingi zilivuka bahari.

Tokugawa Yoshichika, mukubwa wa jamaa ya Owari, alichagua njia nyingine. Mwaka wa 1931 aliunda shirika na kulikabizi hazina, isiwe tena mali ya mutu mumoja. Mwaka wa 1935 nyumba ya makumbusho ilifunguliwa. Ngome ya Nagoya iliteketea kwa mabomu mwaka wa 1945, lakini nyumba ile ilisalimika.

Sisi Wakristu hatuwezi kuzitazama panga hizi bila kukumbuka kwamba utawala wa Ieyasu ndio uliopiga marufuku dini yetu mwaka wa 1614. Takayama Ukon, bwana wa samurai, alikuwa amekwisha kupokonywa milki yake mwaka wa 1587, sababu alikataa kuacha imani. Sasa alifukuzwa mpaka Manila, akafa huko mwaka wa 1615. Kanisa lilimutangaza Mwenye Heri mwaka wa 2017.

Yoshichika aliachilia mali, hazina ikabaki kwa watu wote. Ukon aliachilia milki, ushuhuda wake ukabaki kwetu. Kinachoshikwa kwa mukono uliofungwa mara nyingi hupotea pamoja na mwenye mukono.