Kinjeketile na Hatia ya Maji

Hakuna mhusika anayezua ubishi katika madarasa yetu ya fasihi kama Kinjeketile. Wanafunzi wa Uganda humhukumu upesi na kwa ukali, na sababu yao inaeleweka. Wengi wamesimuliwa nyumbani habari za Alice Lakwena, ambaye mwaka 1986 na 1987 wapiganaji wake walipakwa moo yaa wakaahidiwa kwamba risasi hazitawapata. Wengi walikufa kabla jeshi lake halijavunjwa karibu na Jinja. Mwanafunzi aliyetoka Gulu au Kitgum hayasomi maji ya Ngarambe kama ishara ya kifasihi tu. Anasoma habari ya ahadi iliyoua watu. Basi anauliza: huyu ni shujaa wa namna gani?

Tutazame historia kwanza. Kinjikitile Ngwale, kama wanahistoria wanavyoliandika jina lake, alianza kugawa maji huko Ngarambe mwaka 1904. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba bila kungoja amri yake. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro. Shambulio la Mahenge, ambako wapiganaji walifyekwa kwa bunduki za rashasha, lilikuja tarehe 30 Agosti. Kwa hiyo mtu huyu hakuishi kuziona maiti za Mahenge, wala njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wamefikisha 250,000 hadi 300,000.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake iliyotoka mwaka 1969, alibadili jambo moja kubwa: alimwacha Kinjeketile aishi mpaka kushindwa. Mwenyewe alionya mwanzoni mwa kitabu kwamba huyu ni mtu wa kubuni. Walimu wengi huliruka onyo hilo, nami naona ndilo ufunguo. Aliyenyongwa mapema hana wa kumuuliza. Aliyebaki hai ataulizwa.

Na ataulizwa mengi, maana nia zake zimechanganyika. Anaamini kweli kwamba Hongo amemshukia. Anataka pia makabila yaliyokuwa yakidharauliana yaungane, na maji yanaifanya kazi ambayo hotuba zisingeiweza. Ni vigumu kusema imani inaishia wapi na siasa inaanzia wapi; sidhani kama yeye mwenyewe angeweza. (Maswali ya mitihani hupenda kudai "sifa tano za Kinjeketile", kana kwamba mtu huyu anahesabika.) Kisha anatanabahi kwamba alipopandwa alitamka kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kumtoa Mjerumani ili aingie Mwarabu? Hapo shaka inamwingia, naye anataka watu wangoje. Lakini watu wamekwisha kuyamiliki maji, hawamhitaji tena. Alipoamini alisema kwa sauti ya kutikisa nchi; aliposhuku, sauti ilikuwa ya mtu mmoja tu. Kama ana kosa, mimi naliona hapo zaidi kuliko katika maji yenyewe.

Mwishoni yumo kifungoni pamoja na Kitunda, aliyewaongoza watu vitani. Kitunda anamsihi atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa watoto wa kesho wataambiwa kwamba hata walichopigania baba zao kilikuwa uongo.

Kwa miaka mingi nilifundisha kitendo hicho kama ndio wokovu wake. Hoja ina nguvu: kwa mara ya kwanza neno lake halimletei wafuasi wala heshima, linamletea kifo, naye halirudishi. Ndipo mwanafunzi mmoja aliponiuliza kwa utulivu, "Mwalimu, na wajane wa Mahenge angewaambia nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Kinjeketile anajikomboa mbele ya vizazi vijavyo, lakini deni lake lilikuwa kwa waliokwisha kufa, na hao hawamo katika hesabu yake. Anailinda maana ya vita kwa kunyamazia kile kilichowaua.

Bado namwona mkubwa kuliko mwongo wa kawaida, ila sasa onyesho hilo tunalisoma mara mbili: kwanza kwa upande wake, kisha kwa upande wa Kitunda, ambaye aliwajua marehemu kwa majina. Darasa hugawanyika, na mara nyingi kengele hulia tukiwa bado katika usomaji wa pili.