Nani Alipe Posta: Vitu vya Wakusanyaji Katika Mnada wa Mtandaoni

Stempu, sarafu, kadi za wachezaji na vitu vingine vya wakusanyaji viliuzwa kwa njia ya posta muda mrefu kabla ya intaneti. Nchini Marekani muuzaji alitangaza mali yake kwenye majarida ya wakusanyaji, mnunuzi akatuma hundi yenye bei pamoja na pesa za posta, kisha akasubiri. Ilieleweka kwamba kitu kina bei yake, na kukifikisha kuna gharama yake.

Desturi hiyo ilihamia mtandaoni Septemba 1995, Pierre Omidyar alipoanzisha huko California mnada wa AuctionWeb, ambao baadaye uliitwa eBay. Wakusanyaji walikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, na kufikia 1997 midoli ya Beanie Babies pekee ilikadiriwa kuwa takriban sehemu ya kumi ya mauzo yake. Wauzaji wengi walikuwa watu wa kawaida waliofungasha mizigo nyumbani. Bei ya kitu iliamuliwa na wanaoshindania mnada, lakini gharama ya posta muuzaji aliipanga mwenyewe.

Hapo ndipo ulipopatikana mwanya. Kamisheni ya eBay ilikatwa kwenye bei ya mwisho ya mnada, si kwenye pesa za posta. Muuzaji mjanja aliweza kuuza kadi kwa senti 1 na kudai dola 10 za kuisafirisha, akakwepa karibu kamisheni yote. Waliotaabika zaidi ni wauzaji waaminifu, kwa sababu kila gharama ya posta ilianza kutiliwa shaka, hata ile ya haki. Kufungasha kitu cha mkusanyaji ni kazi kweli: kadi iliyopinda kona hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwa hiyo huwekwa ndani ya plastiki ngumu na kubanwa kwa makaratasi magumu, sahani ya kaure huhitaji boksi ndani ya boksi. Mnunuzi wa kitu cha dola 3 aliyetozwa dola 6 za posta hakuyaona hayo yote. Alichokiona ni hesabu tu.

Mwaka 2007 eBay iliwapa wanunuzi nafasi ya kumpima muuzaji kwa nyota 1 hadi 5, na kipimo kimojawapo kilihusu gharama ya posta. Wauzaji wengi walilalamika kwamba walipewa nyota chache ingawa walitoza kile kile walicholipa posta. Julai 2011 kamisheni ilianza kukatwa kwenye jumla yote, posta ikiwemo. Mwanya ukazibwa, lakini tangu hapo muuzaji mwaminifu naye analipia kamisheni pesa ambazo hakubaki nazo.

Wakati huo huo matarajio ya wanunuzi yalikuwa yakibadilishwa kwingine. Februari 2005 Amazon ilianzisha Prime: kwa dola 79 kwa mwaka, mwanachama alipelekewa bidhaa nyingi ndani ya siku mbili bila kulipia kila mzigo. Kampuni yenye maghala na mikataba mikubwa ya usafirishaji iliweza kuimudu ahadi hiyo. Muuzaji wa sarafu moja hakuwa na nguvu hiyo, lakini alipimwa kwa kipimo hicho hicho, na eBay nayo ilihimiza matangazo yenye usafirishaji wa bure. Ikambidi aifiche gharama ndani ya bei. Katika mnada ulioanzia senti 99, hilo liliweza kumwingiza hasara kwa urahisi.

Posta ya Marekani iliwasaidia wauzaji hawa kwa upande mmoja na kuwabana kwa mwingine. Boksi la bei moja lisilojali uzito, lililoanza 2004, liliwafaa wauza sarafu, kwani sarafu ni ndogo lakini nzito. Mei 2007 huduma ya vifurushi vya nje ya nchi kwa njia ya meli ilifutwa, na vitabu na santuri za zamani zikalazimika kusafiri kwa ndege kwa gharama kubwa zaidi. Nafuu kwa kadi za bei ndogo ilikuja mwaka 2021, eBay ilipoanzisha bahasha nyepesi inayofuatiliwa njiani, kwa kadi za thamani isiyozidi dola 20.

Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya kigeni isiyozidi dola 800. Posta za nchi kadhaa zilisitisha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vinavyokwenda huko, na wauzaji wa nje wa vitu vya bei ndogo wakalazimika kuingiza ushuru katika hesabu ya kila mzigo.