Maitikio ya Watu wa Unguja

Watu wa Unguja, tangu enzi za masultani, wamekuwa na namna nyingi za kukubali, na kila namna ilikuwa na mahali pake na wenyewe: "ee" ya marika wanaozungumza barazani, "ndiyo" ya kuthibitisha khabari, "naam" ya mwanamume aitwaye na mkubwa wake, "labeka" ya mnyenyekevu, ambayo ndimi zimeifupisha ikawa "abee" au "bee" na kuachiwa wanawake, na "ewallah" ya mwenye kupokea amri na kwenda kuitimiza, hata aliyekuwa nyuma ya ukuta, asiyewaona wasemaji, aliweza kutambua kwa itikio moja tu nani mkubwa na nani mdogo.

Mpango huo ulikuwa umekwisha kukomaa alipofika Unguja, mwaka 1864, padri Mwingereza Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na humo akaandika kuwa "ewallah" ni jibu la kawaida la watumwa na watu wa chini wanapotumwa, na kuwa "labeka" ni itikio la unyenyekevu. Wala si ajabu, kwani siku hizo soko la watumwa lilikuwa lingali wazi pale Mkunazini, na mashamba ya karafuu yalihudumiwa kwa jasho la watumwa. Na "labeka", neno lile lile ambalo hujaji humwitikia Mola wake akielekea Makka, mja alitakiwa amwitikie bwana wake uani.

Soko lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, katika enzi ya Seyyid Hamoud bin Mohammed, na masuria, walioachwa nje ya amri hiyo, wakasubiri hadi mwaka 1909. Maneno hayakufa pamoja na utumwa, bali yalihama: itikio alilodaiwa mtumwa na bwana wake likabaki kuwa haki ya mzazi kwa mwanawe, ya maalim kwa mwanafunzi wake, na ya mzee wa mtaa kwa kijana yeyote, awe mwana wa nani, na wahenga waliosema "Hewala haigombi", hewala ikiwa ndiyo "ewallah" hiyo hiyo, walimsifu mtu apokeaye neno kwa upole, bila ya kuuliza nasaba yake.

Katika Mji Mkongwe, penye majumba ya ghorofa na vichochoro vyembamba, mama huchungulia dirishani akamwita mwanawe achezaye chini, naye, akiwa wa kiume hujibu "Naam!", akiwa wa kike hujibu "Abee!", kabla hajajua anaitiwa nini, na akithubutu kujibu "Nini?", huambiwa papo hapo, "Ndivyo unavyomwitikia mkubwa wako?", kisha huitwa upya mpaka aitike sawasawa. Itikio hilo si ahadi, kwani maana yake ni kuwa wito umesikiwa. Kukubali lile linalotakwa huja baadaye, kwa "haya" au kwa "inshallah", ambayo mtu mzima akiitamka kwa utulivu huenda ikawa ni kukataa kwa murua.

Hata kimya kimepewa nafasi yake, kwani katika ndoa, mwali bikira akiulizwa na walii wake, fikihi hukihesabu kimya chake kuwa ni idhini, ilhali mwanamke aliyekwisha kuolewa hana budi atamke, na bwana harusi, mbele ya mashahidi, husema waziwazi kuwa amekubali.

Wako leo wanaosema kuwa "abee" na "ewallah" ni mabaki ya utumwa yafaayo kutupwa. Asili yake haikanushiki. Lakini neno huhukumiwa kwa matumizi ya walio hai, na binti aitikaye "abee" leo hamtumikii bwana, bali humtukuza mama yake. Basi wazazi wa Unguja wasione haya kuwafunza wana wao kuitika, na wawaeleze pia maneno hayo yalikotoka, ili waitike kwa hiari na kwa kujua.