Virutubisho vya misuli: Kilichothibitishwa na kilicho porojo

VIRUTUBISHO vinavyodaiwa kukuza misuli na kuongeza testosteroni, homoni ya kiume, huuzwa kwa wingi madukani, katika vyumba vya mazoezi na mitandaoni. Hata hivyo, ni vichache mno ambavyo ahadi zake zimethibitishwa na utafiti.

Ushahidi wa kutegemewa hutokana na majaribio ambapo watu hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili: moja hupewa kirutubisho, jingine kitu kinachofanana nacho lakini kisicho na nguvu yoyote. Ushuhuda wa mnunuzi mmoja hautoshi, kwa kuwa anayeanza kunyanyua uzani misuli yake hukua hata asipomeza chochote.

Kwa kipimo hicho, kriatini ndiyo inayoongoza. Mwili hujitengenezea kemikali hiyo, na hupatikana pia katika nyama na samaki. Gramu 3 hadi 5 kwa siku huongeza nguvu katika mazoezi mafupi na mazito, na haijaonekana kuwadhuru watu wazima wenye figo zenye afya.

Protini nayo husaidia, ila kwa kiasi. Uchanganuzi wa tafiti 49 uliochapishwa 2018 ulibaini kuwa ukipita takriban gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wa mwili, misuli hainufaiki zaidi. Protini hiyo yaweza kupatikana katika maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na samaki.

Mambo ni tofauti kwa vile vinavyodaiwa kupandisha testosteroni. Wachezaji wa raga nchini Australia waliopewa mbigili kwa wiki 5 hawakuwapiku wenzao kwa nguvu wala misuli, kwa mujibu wa utafiti wa 2007. Asidi ya D-aspatiki ilisifiwa 2009 baada ya utafiti wa Italia kuripoti ongezeko la asilimia 42 katika siku 12. Lakini majaribio yaliyofuata miongoni mwa wanaume waliozoea mazoezi hayakuona ongezeko hilo; katika jaribio moja la 2015, gramu 6 kwa siku zilishusha homoni hiyo. Kuhusu uwatu, tafiti ni ndogo na matokeo yanakinzana. Madini ya zinki huwafaa waliopungukiwa nayo.

Aidha, lebo haiaminiki daima. Mwaka 2004, maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha uchunguzi wa bidhaa 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94, yaani asilimia 14.8, zilikuwa na steroidi zisizotajwa kwenye lebo. Kwa hiyo, bidhaa inayokuza misuli kwa kasi ya ajabu ndiyo ya kushukiwa zaidi. Steroidi zaweza kudhuru ini na moyo, na hupunguza mbegu za kiume.

Kwa wanariadha wa Kenya, hatari hiyo ni ya riziki pia. Chini ya kanuni za kimataifa zinazosimamiwa nchini na shirika la ADAK, lililobuniwa kwa sheria ya 2016, mwanariadha huwajibikia chochote kinachopatikana mwilini mwake. Kuthibitisha kuwa kirutubisho kilichafuliwa kwaweza kupunguza adhabu, lakini hakufuti kosa.

Anayeshuku kwamba testosteroni yake imepungua anashauriwa kupimwa damu asubuhi, angalau mara mbili katika siku tofauti, kisha amwone daktari kabla ya kununua chochote.