Harakati za Hukwe Zawose

Tamasha la muziki wa Kigogo linapowakusanya watu Chamwino, mkoani Dodoma, mwanamuziki Hukwe Zawose husifiwa kama mtunza mila. Sifa hiyo haimtoshi. Mzaliwa huyu wa Doduma, aliyerithi kwa baba yake zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, alikuwa mwanaharakati, na alichokipigania ni heshima ya Wagogo mbele ya taifa. Ugogo ulisikika zaidi kwa ukame na kwa njaa kama ile ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Wamisionari wengi waliona ngoma ni upagani, na wasomi wa mjini wakaifuata rumba, jambo ambalo Nyerere alililalamikia bungeni mwaka 1962 alipotangaza wizara ya utamaduni. Katika hali hiyo, mchunga ng'ombe kama Zawose kuitwa Dar es Salaam akaimbe Kigogo mbele ya viongozi lilikuwa tukio la kisiasa.

Wapo watakaopinga: mwanaharakati gani huyo aliyemwimbia Nyerere sifa? Ni kweli alimwimbia, na aliishi kwa ajira ya serikali, hatimaye katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Lakini harakati si lazima ziwe za kupinga dola. Sera ya utamaduni ilitaka ngoma za makabila ziyeyuke ziwe mali ya taifa zima. Yeye aliitumikia sera hiyo bila kuiacha lugha yake wala mtindo wa kuimba wa kwao. Kwangu mimi huo ndio ushupavu wake mkubwa. Wengine humlaumu kwa kuuza asili Ulaya, hasa kwa albamu ya Assembly aliyoitengeneza na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Wanasahau kwamba ilimba yenyewe aliipanua mapema, akaiongezea vyuma, na kwamba albamu ya Mkuki wa Rocho ya 2002, aliyoirekodi na mpwa wake Charles, bado imesimama juu ya ala za Ugogoni.

Lawama ninayoiona nzito ni nyingine. Hadi alipofariki Desemba 2003, ilimba na zeze vilibaki mikononi mwa wanaume, ingawa wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma ya muheme. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah waliimba nyuma ya wanaume kwa miaka mingi; albamu yao wenyewe, Maisha, ilitoka mwaka 2024, na humo ala hizo wanazipiga wao.